Kompyuta ya Ofisi: Tuibadili au Tuitengeneze?

Tangu mkutano mkuu uliopita hakuna jambo tuliloulizwa njiani, sokoni na hata mlangoni mwa msikiti kama jambo la kompyuta ya ofisi. Wengine wasema imezeeka na yatutia aibu mbele ya wageni. Wengine wasema fedha za chama ni jasho la wachumaji, wala hazifai kutiwa katika kisanduku kitakachopitwa na wakati kabla hakijatufaa. Kamati imetuagiza tuandike mambo yalivyo, ili kila mtu aje mkutanoni akijua anapigia kura kitu gani. Na kwa kuwa mwaka huu tulipata safari ya bara, kuzuru vyama vya ushirika vya Shinyanga na kufika mpaka Geita, tutayasema pia tuliyoyaona huko, maana yametusaidia kufikiri kuliko maneno ya wauzaji.

Kwanza ifahamike kwamba fedha zinazozungumzwa si fedha za ziada. Ni zile zile zilizowekwa kwa ajili ya maturubai na majamvi ya msimu ujao. Hapana mwanachama asiyejua mvua ya ghafla huifanya nini karafuu iliyoanikwa: hubadilika rangi, ikashuka daraja, na mwenyewe akabaki anahesabu alichokosa. Kila shilingi itakayokwenda katika kompyuta haitakwenda katika turubai. Basi swali si dogo.

Chanzo cha maneno yote ni tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure kwa programu yake ya Windows 10, ambayo ndiyo iendeshayo kompyuta yetu. Baada ya hapo muuzaji mmoja wa mjini, ambaye hatutamtaja, alimwambia mjumbe wetu kwamba mashine sasa ni maiti, na akamwandikia bei ya mashine tatu mpya. Mashine si maiti. Iliwaka tarehe 15 Oktoba kama ilivyowaka tarehe 14. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu: likigunduliwa leo tundu ambalo mwizi aweza kupenya, hapana fundi wa kampuni atakayelizibia bure. Kwa mtu mwenye picha za arusi tu hilo si kubwa. Kwa chama chenye rejista ya wanachama, hesabu za malipo na barua za wanunuzi, ni jambo la kuangaliwa.

Sasa tuwachukueni Geita.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, lakini dhahabu yake ni ya zamani. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Sisi hatukwenda kutazama mgodi mkubwa, ambao una wahandisi wake na fedha zake. Tulitaka kuwaona wachimbaji wadogo, kwa kuwa hao ndio wafananao nasi: watu wengi, mitaji midogo, na kila mmoja anaulizwa kila siku na wauzaji wa mitambo kwa nini hajabadili.

Mchimbaji mdogo huchimba duara, yaani shimo la kwenda chini, akapandisha mawe katika viroba na kuyapeleka kwa mwenye karasha, mtambo wa kusagia mawe. Unga wa mawe huoshwa kwa maji juu ya mbao zilizolazwa mteremko na kutandikwa magunia; dhahabu kwa uzito wake hunasa, mchanga ukapita. Kisha hutiwa zebaki, nayo huishika dhahabu ikawa donge, na donge huchomwa motoni. Zebaki hupaa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule ni sumu, na tuliona watu wakiuchoma karibu na vyombo vya chakula, jambo lililotusikitisha sana.

Mchanga uliobaki huitwa marudio. Hapa ndipo pana siri ya biashara nzima. Zebaki mara nyingi haitoi hata nusu ya dhahabu iliyomo katika jiwe. Iliyosalia imo katika marudio, na mahali pengi marudio ni mali ya mwenye karasha, kama sehemu ya ujira wake. Mwenye karasha akishakusanya chungu kubwa huyapeleka katika matangi ya sayanaidi, dawa iyeyushayo dhahabu ndani ya maji. Dhahabu hunaswa na makaa yaitwayo kaboni, kisha hutolewa katika kaboni kwa mtambo wanaouita elusheni. Jiwe likiwa la kufaa, njia hii yaweza kutoa mpaka sehemu 9 katika 10. Kwa hiyo aliyeshuka shimoni apata kidogo, na aliyekaa juu na mchanga apata kingi.

Anayesikia hivi kwa mara ya kwanza husema upesi: basi wote wahamie sayanaidi kesho! Nasi tulisema hivyo. Wenyeji wakatucheka kwa adabu, wakatueleza. Tangi la sayanaidi lataka mchanga wa tani nyingi ndipo lilipe gharama, na mchimbaji mmoja ana viroba vyake vichache. Lataka maji, dawa, kaboni, kibali, na mtu ajuaye kupima, kwa kuwa dawa yenyewe ni sumu ya kuua. Lataka pia siku nyingi za kungoja, hali zebaki hutoa fedha jioni ile ile, na nyumbani watoto wangoja chakula. Tena si kila jiwe hukubali. Jiwe lenye shaba nyingi huila dawa yote kabla dhahabu haijayeyuka, na mwenye tangi akatoka na madeni. Ndiyo sababu aliye mwangalifu huchukua sampuli kwanza akaipeleka maabara, akajua jiwe lake ni la namna gani na dhahabu yake yapotelea wapi, kisha ndipo akazungumza na muuzaji wa mtambo.

Jambo jingine walilotueleza lilitukaa moyoni. Kubadili nusu kwaweza kuwa kubaya kuliko kutobadili. Mchanga uliokwisha pitia zebaki ukitiwa katika sayanaidi bila zebaki kuondolewa kwanza, sumu mbili huchanganyika, na zebaki husafiri kwa urahisi zaidi katika maji na udongo. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, waitaja desturi hiyo miongoni mwa zile mbaya za kukomeshwa. Yaani mtu alinunua mtambo mpya, akaacha desturi ya kale mahali pake, na madhara yakazidi.

Shirika la madini la serikali, STAMICO, limeweka vituo vya mfano vya kuchenjua dhahabu Lwamgasa na Katente huko Geita, na kingine Itumbi, wilaya ya Chunya. Fikra yake twaipenda: mchimbaji aletaye mawe yake hutumia mtambo mzuri bila kuununua. Asiye na kazi ya kuujaza mtambo hana haja ya kuumiliki.

Na hapa tuongeze jambo ambalo si la mitambo kabisa. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la dhahabu, na mwaka huo huo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio. Kabla ya hapo dhahabu nyingi iliuzwa vichochoroni, kwa mizani ya mnunuzi na kwa bei ya mnunuzi. Sasa mchimbaji aweza kwenda mahali pa wazi, akapimiwa na kutajiwa bei mbele ya watu. Mtu yule mwenye duara lile lile na karasha ile ile, bila kununua hata msumari, alipata njia ya kuuza vizuri zaidi. Tumeliweka neno hili makusudi kwa ndugu zetu waaminio kwamba kila upungufu dawa yake ni mashine.

Shinyanga hatutakaa sana, ingawa tulikaribishwa vizuri na tulikula wali na samaki wa ziwani mpaka tukaomba radhi. Huko ni pamba, na vyama vya msingi ni vya siku nyingi. Ushirika wa bara sasa waendeshwa kwa mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, uliowekwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika chama kimoja tulimkuta katibu mwenzetu akifanya kazi kwa mashine ya zamani kuliko yetu. Tukamwuliza haimchoshi? Akajibu kwamba mfumo wenyewe hauko ndani ya mashine yake, uko mbali, naye hupita katika intaneti kama mtu achunguliaye dirishani; akikosa mtandao, mashine mpya na ya zamani zote ni sawa na kiti. Alichonunua yeye ni betri ya kuihifadhi mashine umeme ukikatika, na kifurushi cha mtandao cha kila mwezi. Tuliandika maneno hayo katika daftari.

Kuna na kisa cha serikali yenyewe, ambacho vijana wengi hawakukisikia. Kompyuta ya kwanza Tanzania Bara iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine iitwayo ICT 1500. Miaka michache baadaye ikaonekana haitoshi, zikaletwa mashine kubwa zaidi za ukoo wa 1900, na kazi ya hesabu za serikali ikahamishiwa huko. Hesabu zikaharibika. Watu waliozijua hesabu hawakuijua mashine, na walioijua mashine walikuwa wageni wasiozijua hesabu. Fedha nyingi zikapotea na usimamizi ukalegea. Mwaka 1974, nchi nzima ikiwa na kompyuta 7 tu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Marufuku ile ilikaa miaka mingi kabla haijalegezwa. Sisi twaona marufuku ilikuwa kali kupita kiasi, na ilituchelewesha. Lakini sababu yake haikuwa ujinga wa wakubwa wale. Walikuwa wamekwisha lipa bei ya mashine kubwa iliyowekwa juu ya kazi isiyotayarishwa.

Tumerudi nyumbani, tukaichukua kompyuta yetu kama mchimbaji achukuavyo sampuli. Hiyo ni mashine yenye kichakataji cha Intel, namba i5-6500, kumbukumbu ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Tuliikalia kwa saa. Tangu kubonyezwa mpaka kuwa tayari kwa kazi ilichukua dakika 6 na zaidi. Kufungua rejista ya wanachama, karibu dakika 2. Kisha tukafungua lile dirisha la mashine lionyeshalo nani anafanya kazi na nani amekaa. Likaonyesha jambo la ajabu: kichakataji, ambacho ndicho ubongo na ndicho kilicho ghali, kilikuwa kimekaa muda mwingi bila kazi, hali diski ilikuwa imejaa kazi asilimia 100 na kumbukumbu imekaribia kujaa. Dhahabu yetu, kwa hakika, yapotelea katika marudio.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Diski ya zamani ni sahani izungukayo, na mkono mdogo huenda huku na huku kutafuta kila kipande cha habari, kama karani atafutaye jina katika vitabu 20 vilivyotawanyika chumbani. Kumbukumbu ikiwa ndogo, mashine hulazimika kumtuma karani huyo mara kwa mara zaidi. Diski za namna mpya, ziitwazo SSD, hazina sahani wala mkono. Fundi mmoja wa Chake Chake alituazima moja kwa siku mbili, akanakili yote yaliyokuwamo, akaongeza na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mashine ile ile ikawa tayari kwa chini ya dakika moja. Mpiga chapa wetu alidhani tumeleta kompyuta nyingine. Bei ya vitu hivyo viwili, pamoja na ujira wa fundi, ni sehemu ndogo ya bei ya mashine moja mpya, seuze tatu.

Anayetaka kufanya hivyo nyumbani aangalie jambo moja: kumbukumbu si za namna moja. Ile ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, wala kinyume chake. Fundi afungue kwanza, atazame, kisha ndipo akanunue.

Je, shauri limekwisha? Halijakwisha, wala hatutaki kuwadanganya. Diski mpya haizibi matundu ya Windows 10. Windows 11 yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na, ikiwa kichakataji ni cha Intel, kiwe cha kizazi cha 8 au cha baadaye isipokuwa vichache sana. Kizazi husomwa katika namba: i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Chetu hakifiki. Kampuni huuza marekebisho ya ziada kwa vyama na makampuni, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezwa mara mbili kila mwaka mpaka miaka 3. Hesabu hiyo, ukiifuata mpaka mwisho, inapita thamani ya mashine yenyewe. Njia nyingine ni kuweka Linux, ambayo ni bure na hupata marekebisho bure, na mashine yetu yaweza kuiendesha bila taabu. Yataka tu mpiga chapa ajifunze upya mahali pa kila kitu, na tuhakikishe printa yetu inakubali.

Katika kamati kuna wajumbe vijana wasemao tununue mpya moja kwa moja, kwa hoja kwamba wanunuzi wa ng'ambo hutaka orodha za mashamba na miti, na picha, na majibu ya siku ile ile. Hoja yao twaiheshimu. Lakini tuliwauliza: orodha hiyo ya mashamba na miti iko wapi? Nusu yake imo katika madaftari, na nusu imo katika vichwa vya masheha na wazee. Hata hesabu za pishi za msimu uliopita zimeandikwa kwa mikono mitatu na kila mkono una desturi yake. Hapana kompyuta duniani itakayoijua pishi ambayo haikuandikwa. Wahenga wetu walikataza mtu kuacha mbachao kwa msala upitao, nasi twaona mbacha huu ungali na nyuzi.

Basi maoni yetu, ambayo mkutano waweza kuyakubali au kuyatupa, ni haya. Tununue sasa diski na kumbukumbu, tuweke Linux katika mashine iliyopo baada ya kuijaribu na printa, na itumike kwa rejista na hesabu za pishi. Tununue betri ya kuhifadhi mashine, kwa kuwa ingawa umeme wa Pemba waja kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na hali ni bora kuliko enzi za jenereta za Wesha, kukatika kwa ghafla bado kupo, na diski nyingi huharibikia hapo. Maturubai yanunuliwe yote kama yalivyopangwa. Msimu ukiwa mzuri, Inshallah, tutafute mashine moja ya mtumba iliyo safi, ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa ajili ya barua za wanunuzi na mambo ya benki. Mashine tatu mpya za yule muuzaji hatuzihitaji; hatuna hata meza tatu.

Lipo na jambo lisilongoja mkutano. Mashine yetu, nzuri au mbovu, yaweza kuibwa au kuungua usiku wa leo. Kwa hiyo kuanzia juma hili rejista nzima itanakiliwa kila Ijumaa asubuhi katika diski ndogo mbili. Moja itakaa kabatini ofisini, na nyingine itachukuliwa na mshika fedha nyumbani kwake Wete. Kitabu cha mkono hakitaachwa. Wanachama ambao majina au idadi ya miti yao haijaandikwa sawasawa waombwa wapite ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa 8 mchana, wakiwa na kadi zao, na wale wa mbali waweza kumpa karani wa tawi lao.